Namba Moja ni Piano



Walimu wa kwaya, wapiga kinanda wa bendi na wa taarabu, na nyinyi vijana mliokuja na vinanda vyenu mgongoni, mnalijua hili. Ukiwasha kinanda cha umeme, kiwe kipya cha dukani au cha mtumba, mara nyingi sauti ya kwanza kukupokea ni piano. Hukuichagua wewe. Ilichaguliwa kiwandani na mtu asiyejua kama unakwenda kupiga Misa ya Pasaka, harusi ya Magomeni au rusha roho ya usiku kucha. Ndani mna sauti mia tano, mia saba, pengine elfu na ushei. Bado ukipita makanisani na kumbini unasikia zilezile tatu: piano, nyuzi, na piano iliyochanganywa na nyuzi. Simsemi mtu. Sababu zake zipo, na baadhi yake mpigaji hana lawama nazo.

Ninachokuja kutetea jioni hii ni kwamba kuchagua sauti ni sehemu ya kupiga. Ukibadilisha sauti umebadilisha ala, na ala mpya inadai mkono mwingine. Anayepiga fidla, tarumbeta na akodiani kwa mkono uleule wa piano bado anapiga piano, ila ameivalisha nguo za kuazima.

Kuna wakati sintesaiza haikuwa na orodha ya sauti kabisa. Mwaka 1970 kampuni ya Robert Moog wa Marekani ilitoa Minimoog, mtambo wa kubebeka wenye vibao 44, uliotoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Hapakuwa na kitufe cha tarumbeta. Palikuwa na vifundo vya kuzungusha: hiki cha ukali wa sauti, kile cha kasi inavyoanza, kingine cha namna inavyofifia. Ukitaka kesho sauti uliyoipata leo, ulichukua karatasi yenye mchoro wa uso wa mtambo, ukatia alama ya kalamu pale kila kifundo kilipoelekea. Jukwaani, kati ya wimbo na wimbo, mpigaji alihangaika na vifundo huku mwimbaji akiwachangamsha watu ili wasichoke kusubiri.

Mwaka 1978 Dave Smith na kampuni yake ya Sequential Circuits, huko California, wakatoa Prophet-5. Hiyo ilikuwa na kompyuta ndogo tumboni iliyokumbuka mahali pa kila kifundo: noti tano kwa pamoja, sauti 40 kwenye kumbukumbu, na kila moja inaitwa kwa kitufe. Wapigaji walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila kuanzia hapo kuchagua kukaanza kula nafasi ya kutengeneza.

Kisha mwaka 1983 ikaja Yamaha DX7. Msingi wake ulivumbuliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967: wimbi moja la sauti likitikiswa upesi mno na wimbi jingine, huzaliwa milio mipya yenye ukali wa kengele na chuma. DX7 ilikuwa na mawimbi sita ya namna hiyo yaliyoweza kupangwa kwa njia 32, na yote hayo ulitakiwa uyarekebishe kupitia kioo kidogo cha mistari miwili ya maandishi. Watu walijaribu, wakachoka, wakabaki na sauti za kiwandani. Sauti yake ya namba 11, piano ya umeme yenye mlio wa kengele, ikaingia kwenye nyimbo za mapenzi za polepole za miaka ile mpaka ukadhani wapigaji wote ni mtu mmoja. Haikuenea kwa uzuri wake peke yake. Ilienea pia kwa sababu kuibadilisha kulikuwa kazi ngumu. Naona jambo hili halisemwi vya kutosha: ugumu wa mtambo mmoja ulitengeneza ladha ya masikio ya watu wengi, na masikio hayo hayakuulizwa.

Mwaka huohuo wa 1983 watengenezaji walikubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha vinanda, yaani midi. Dave Smith niliyemtaja na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani, ndio waliosukuma jambo hilo, na mwaka 2013 wakapewa tuzo ya Grammy ya ufundi. Kwenye waya wa midi haipiti sauti. Zinapita namba tu: noti fulani imebonyezwa kwa nguvu kadhaa, sasa badili uende sauti namba kadhaa. Tatizo likawa kwamba kila kiwanda kilikuwa na orodha yake, na wimbo uliotoka kwenye kinanda kimoja ukiwa na tarumbeta uliweza kufika kwenye kingine ukiwa na gitaa. Ndipo mwaka 1991 ikakubaliwa orodha ya pamoja inayoitwa General MIDI: sauti 128, familia 16, kila familia watoto wanane. Piano ya kawaida ikapewa namba 1. Hivyo ndivyo piano ilivyokaa mlangoni mpaka leo.

Hapa pana mtego unaowasumbua wengi, hasa mnaorekodi kwa kompyuta. Mashine huhesabu kuanzia sifuri, lakini vinanda vingi huandika kuanzia moja. Akodiani kwenye kitabu ni namba 22. Ukiandika 22 kwenye programu inayoanza na sifuri, unapata harmonika, jirani yake. Kinanda hakijaharibika na wala programu haijakudanganya. Punguza moja.

Tuitazame familia ya 14, ile inayokusanya ala za asili za mataifa, kuanzia namba 105. Kuna sitar na shanai za India, shamisen na koto za Japani, banjo, zumari la mfuko la Waskoti, na fidla ya kijijini. Afrika nzima imepata kalimba, namba 109, ingawa banjo nayo ukoo wake umetoka huku kwetu. Udi haumo. Ganuni haimo. Nai haimo, wala zeze. Sasa shuka mpaka mwisho wa orodha: 125 ni simu inayolia, 126 ni helikopta, 127 ni makofi, 128 ni mlio wa bunduki. Walioandika orodha waliona nafasi ya helikopta wasiione ya udi. Nacheka nikisema hivi, lakini kwa mpiga taarabu wa Unguja au Mombasa mwenye kinanda cha bei ya chini, hilo ndilo gunia alilokabidhiwa, na lazima aingize mkono humo humo atafute cha kumfaa.

Msidhani namba ya kiwandani imemfunga mtu, hata hivyo. Mwaka 1981 Casio walitoa kinanda kidogo, MT-40, chenye vibao vidogo vya kufaa vidole vya mtoto, kwa ajili ya watu wa kujifurahisha nyumbani. Ndani yake mlikuwa na midundo ya kujipiga yenyewe, na mmojawapo uliitwa rock. Aliyeutunga ni binti aliyekuwa ametoka chuo cha muziki, Okuda Hiroko, ambaye chuoni aliandika utafiti wake juu ya rege. Kinanda kikasafiri kikafika Jamaica. Noel Davey na mwimbaji Wayne Smith wakaubonyeza mdundo ule, wakaupenda, wakaupeleka kwa prodyuza King Jammy. Jammy aliupunguza kasi, akaongeza piano na mapigo mengine juu yake, na mwaka 1985 ukatoka wimbo Under Mi Sleng Teng. Wasanii wengine wakauimbia mdundo huohuo matoleo kwa mamia, na rege ya Jamaica ikahamia kwenye mitambo ya kompyuta.

Angalieni walichofanya. Hawakutengeneza sauti mpya. Walichagua moja waliyopewa, wakaishusha mwendo mpaka ikawa na mguu wa kwao. Mdundo ule ukiuacha kwenye kasi ya kiwandani unasikika kama mchezo wa watoto. Wengi walikuwa na kinanda hicho kabla yao, na kitufe kilikuwa palepale.

Nije sasa kwenye mikono, maana ndiko ninakotaka kukaa.

Chukueni sauti ya nyuzi, zile fidla nyingi kwa pamoja. Karibu kila mpigaji wa kwaya anaitumia kwa akordi: mkono wa kushoto noti tatu zilizobanana huku chini, mkono wa kulia tatu nyingine. Chini kule zinanguruma tu, hakuna kinachotambulika. Nyuzi zinataka nafasi: chini noti moja au mbili zilizoachana, juu ndipo zikaribiane. Tena sauti hii haianzi papo hapo. Ukibonyeza inapanda taratibu, kwa hiyo ukibonyeza sawasawa na pigo la ngoma, itasikika imechelewa. Ama uitangulie kidogo, ama uingie kwenye mipangilio upunguze muda wa kupanda. Kwaya inayoonekana kuburuta mwendo wakati mwingine haiburuti. Inamfuata mpiga kinanda anayechelewa bila kujua.

Kwa taarabu mambo ni tofauti zaidi. Kaeni msikilize fidla za Culture Musical Club ya Zanzibar. Hazipigi akordi. Zinabeba mstari mmoja wa wimbo, zote pamoja, zikimjibu mwimbaji anapovuta pumzi. Kwa hiyo mpigaji wa taarabu akichagua nyuzi, mkono mmoja unatosha kupiga wimbo, na mkono wa pili upige wimbo uleule oktavi moja chini. Ukijaza akordi hapo umeifukuza taarabu ukumbini, hata kama mashairi yamebaki.

Akodiani nitaionyesha polepole, kwa kuwa ndiyo ninayoipenda na ndiyo inayoharibiwa sana. Ala yenyewe inapumua kwa mifuo: anayeivuta ndiye anayeamua noti ivimbe au inywee wakati imeshabonyezwa. Kinanda hakina mifuo, ila kina tundu la pedali ya sauti. Chomeka pedali hiyo, mguu wa kulia ukae juu yake katikati, si chini kabisa. Pedali ya kurefusha noti, ile ya piano, iache kabisa. Uondoe mguu hata kwa bahati mbaya usiguse. Bonyeza noti ya la. Subiri kidogo, kisha sukuma pedali taratibu mpaka noti ijae, na uanze kuirudisha kabla mstari haujaisha. Noti ikirudiwa, usiirudie kwa kidole kimoja: badilisha kidole cha kati na cha shahada, cha kati na cha shahada, mpaka itetemeke kama inavyotetemeka mkononi mwa mpigaji halisi. Mwisho wa mstari achia, na ukimya uwepo. Mtu akifumba macho aanze kuitafuta akodiani jukwaani, umefika.

Nai na filimbi zinataka jambo dogo linalosahaulika: zinapigwa na mtu mwenye mapafu. Noti mbili kwa pamoja haziwezekani, na mstari usiokatika kwa muda mrefu haumdanganyi yeyote. Kama kinanda chako kina kitufe cha kupiga noti moja moja, kiwashe. Gurudumu la kupinda sauti, kwa kawaida limewekwa kupanda na kushuka toni nzima. Ingia kwenye noti muhimu ukitokea chini kidogo, si kila noti, la sivyo wasikilizaji watadhani mtambo umelegea.

Tarumbeta na saksafoni ni habari ya bendi. Waliolelewa na Sikinde na Msondo wanajua zile ala zinavyokata maneno: fupi, kali, halafu kimya. Bendi zilizokuja baadaye zikategemea kinanda kwa kazi hiyo, na gharama ya kuwalipa watu watatu wa upepo inaeleza mengi. Sitabishana na hesabu. Ila kinanda kikipewa kazi ya watu watatu, kiseme kama watu watatu: noti tatu zilizokaribiana, zinaanza pamoja, zinakatika pamoja, na zinapumzika. Usishuke sana chini ya do ya katikati ya kinanda, kwa kuwa tarumbeta huko haina mengi. Wapigaji wengi hushikilia akordi ya tarumbeta mwanzo mpaka mwisho wa kiitikio. Hakuna binadamu mwenye pumzi hiyo.

Ogani ya kanisa nitaipita haraka. Haijali umeibonyeza kwa nguvu au kwa upole, na haitaki pedali ya kurefusha. Noti zishikiliwe na vidole vyenyewe, kimoja kikipokezana na kingine juu ya kibao kilekile. Mkifanya hivyo kwa wiki moja, wimbo wa kuingilia utasafika bila kununua chochote.

Ganuni je, ambayo hatukupewa? Ala hiyo ina nyuzi tatu tatu kwa kila noti, na mpigaji hukwanyua kwa vidole viwili vya shahada vilivyovalishwa vijiti vidogo vya kukwanyulia, kulia na kushoto vikipokezana. Kwa hiyo tafuta sauti inayoanza kwa ukali na kufa mapema. Dulsima, namba 16, iko karibu. Gitaa la nyuzi za nailoni, namba 25, linaweza kusaidia ukilipandisha oktavi moja. Kisha mikono yote miwili ipokezane kwenye noti moja, au kulia juu na kushoto oktavi ya chini. Sauti peke yake haitakupa ganuni, lakini mkono utakupa sehemu kubwa ya safari.

Kisha kuna robo toni. Nyinyi mnaosoma kwa do-re-mi mtanielewa upesi. Kati ya noti moja na jirani yake kabisa kwenye kinanda, watengenezaji huhesabu senti 100. Maqamu ya Rasti, ambayo ni msingi wa nyimbo nyingi za Kiarabu, ina mi na ti zisizokaa juu ya kibao cheupe wala cheusi. Ziko kama katikati. Kwenye kinanda chenye kurekebisha mizani, unashusha mi kwa senti 50 na ti kwa senti 50, basi unayo Rasti ya do. Ukitaka Bayati, anzia re, shusha mi peke yake kwa senti 50, na ti iwe ile nyeusi ya kushoto kwake. Vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Kiarabu, kama mfululizo wa Yamaha PSR-A na baadhi ya Korg Pa, vimewekewa njia ya mkato ya kufanya hivi katikati ya wimbo. Kwenye vingine vingi jambo hilo limefichwa ndani ya menyu, na muuzaji wa Kariakoo hatakwambia, kwa kuwa naye hajui.

Tahadhari ni moja. Ukishashusha mi, akordi ya do-mi-so inachacha. Mkono wa kushoto upige do na so tu, uiache mi kwa mwimbaji na mkono wa kulia. Nikisikiliza taarabu ya kisasa, kuanzia enzi za kundi la East African Melody na kuendelea, naona vinanda vimeivuta mizani kuelekea piano. Zipo nyimbo zinazofaidika na hilo, zenye kwenda kasi na kuchezeka. Nyingine zimepoteza uchungu wake, na watu wazima ukumbini wanahisi kuna kilichopungua ila hawajui wamlaumu nani. Mimi namlaumu mpiga kinanda ambaye hajafungua menyu.

Neno kuhusu kuchanganya. Piano na nyuzi kwa pamoja zinapendeza, lakini zina gharama. Kinanda kinachoweza kutoa sauti 64 kwa wakati mmoja hakikupi noti 64 za mchanganyiko. Piano iliyorekodiwa kushoto na kulia inaweza kula nafasi mbili kwa kila noti, nyuzi nazo mbili: hizo ni nne. Noti 16 zikiwa hai chini ya pedali, 64 zimekwisha, na mdundo wa kujipiga unadai sehemu yake humohumo. Kinanda kitaanza kunyang'anya, na kwa kawaida noti za zamani hukatwa kwanza. Ukisikia besi imetoweka katikati ya wimbo, kabla hujamgombeza fundi mitambo, inua mguu kwenye pedali.

Fundi mitambo naye ana haki zake. Sauti uliyoichagua nyumbani kwa hedifoni si ile itakayotoka kwenye spika za ukumbi. Kumbi zetu nyingi hupokea kinanda kwa waya mmoja. Chomeka kwenye tundu lililoandikwa L/MONO, kwa sababu ukichomeka la kulia peke yake unapeleka nusu ya sauti. Piano inayojaa masikio kwenye hedifoni inaweza kukonda ukumbini, na hapo ile piano ya mono uliyoidharau kwenye orodha inaweza kukufaa zaidi. Sawazisha nguvu ya sauti zako kabla ya shughuli: nyuzi zisizidi piano, tarumbeta isimrukie mwimbaji. Fanya hivyo ukiwa mbali na kinanda, mtoto akubonyezee wewe usimame pale watakapokaa watu.

Halafu hifadhi. Mpango wa kila wimbo, yaani sauti, mgawanyo wa mkono wa kushoto na wa kulia, nguvu, kasi na mizani, uweke kwenye kumbukumbu ya kinanda kwa mfuatano wa shughuli, ili ubonyeze kitufe kimoja kati ya wimbo na wimbo. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kinanda kitaamka na namba moja, piano, kana kwamba hamjawahi kuonana. Nakala iwe kwenye flashi, na flashi ya pili ikae mfukoni, maana ile ya kwanza kwa kawaida hubaki imechomekwa kwenye kinanda cha ukumbi.